Mwindo na Mashujaa Wasioguswa: Juu ya Uchapwa wa Masimulizi katika Filamu na Michezo ya Video

Mchuzi uliokosa chumvi huitwa chapwa, hata kama nyama yake ni nono na viungo vyake vimetoka mbali. Katika makala haya tunalitoa neno hilo jikoni na kulitumia kwa masimulizi ya filamu na ya michezo ya video. Mengi kati ya masimulizi hayo yana nyama tele: magari yanayolipuka, majoka, majeshi, miji iliyozama msituni. Hata hivyo mtazamaji huinuka kitini bila ladha yoyote mdomoni, na mchezaji humaliza mchezo wa saa 30 asikumbuke jina la mtu hata mmoja kati ya wale aliowaokoa au kuwaua. Tunataka kuuliza ladha hiyo hupotelea wapi.

Ili tusitangetange, tutalijibu swali hili tukiwa tumesimama mahali pamoja, yaani Masisi na Walikale, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Uteuzi huu si wa kubahatisha. Msitu wa Walikale, nchi ya Wanyanga, ndiko lilikotoka simulizi moja la kishujaa ambalo sasa linasomwa katika vyuo vikuu vya mabara mengi. Ardhi hiyohiyo, pamoja na milima ya Masisi, nchi ya Wahunde na majirani zao, imekuwa kwa zaidi ya miaka 30 malighafi ya filamu na michezo inayotengenezwa mbali nayo, kama yalivyo madini yake. Kwa hiyo mhakiki hapa ana bahati ya kupata aina mbili za masimulizi zilizoota katika udongo mmoja, na anaweza kuzionja moja baada ya nyingine.

Kuna maelezo mawili ambayo hutolewa upesi kila uchapwa unapotajwa. La kwanza ni fedha: filamu mbaya ni ile isiyokuwa na mitambo. Hili halihitaji kutupotezea muda. Mwaka 2010, katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza filamu Who Killed Captain Alex? kwa vifaa vya kuungaunga na fedha ndogo mno, nayo imetazamwa dunia nzima, na lawama zote zinaweza kutolewa juu yake isipokuwa ile ya kuchosha. Maelezo ya pili ni mazito zaidi. Husemwa kwamba shujaa mwenye nguvu kupita kiasi huua taharuki, kwa kuwa hadhira inajua tangu mwanzo kwamba atashinda. Maelezo haya yana ukweli ndani yake, na ndiyo yanayorudiwa na wanafunzi wengi katika insha zao. Lakini yakipelekwa Walikale yanagonga mwamba, na mwamba wenyewe unaitwa Mwindo.

Simulizi la Mwindo tunalolijua zaidi lilitolewa mwaka 1956 na fanani Candi Rureke, Mnyanga wa kijiji cha Bese, mbele ya Daniel Biebuyck na wasaidizi wake. Rureke aliimba, alisimulia, alicheza na kuigiza kwa muda wa siku 12, akiwa na wapigaji wake na wanakijiji waliokuja kusikiliza na kuitikia. Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu ambaye baadaye aliandika sarufi ya Kihunde, walilichapisha mwaka 1969 kwa Kinyanga na Kiingereza. Mwaka 1978 Biebuyck alitoa masimulizi mengine ya jamii hiyohiyo katika kitabu cha pili. Wanyanga huliita simulizi la aina hii karisi, na msimulizi wake huitwa She-karisi. Karisi ni pia jina la mzimu, na fanani husimulia akiamini kwamba mzimu huo ndiye aliyemtaka aifanye kazi hiyo.

Sasa tumtazame shujaa mwenyewe. Chifu Shemwindo wa Tubondo aliwaambia wake zake saba kwamba hataki mtoto wa kiume, atakayezaliwa atauawa. Mwindo akazaliwa akiwa tayari anatembea na kusema, mkononi ana usinga wenye nguvu. Baba akamrushia mkuki, haukumpata. Akamzika, akatoka kaburini. Akamtia ndani ya ngoma, akaifunga kwa ngozi na kuitupa mtoni. Ngoma ikaelea huku mtoto akiimba ndani yake, hadi alikoolewa shangazi yake Iyangura, mke wa Mukiti, bwana wa maji. Kwa kipimo cha maelezo ya pili tuliyoyataja, simulizi hili lilipaswa kuisha hapo. Mtoto wa siku chache ambaye mkuki haumpati na kaburi halimshikilii, nani tena atamhofia?

Na bado wasikilizaji wa Bese walikaa siku 12. Inatupasa kutafuta ni nini kiliwaweka pale.

Jambo la kwanza ni kwamba nguvu za Mwindo haziko kwake peke yake. Anapokwenda kupigana na baba yake, wajomba zake wahunzi wanakwenda naye, nao wanauawa. Tubondo hauteketezwi na mkono wa Mwindo bali na Nkuba, bwana wa radi, ambaye Mwindo anamwomba. Baba anapokimbilia kuzimu kwa kung'oa mmea na kuingia shimoni mwake, Mwindo anamfuata akiwa amefungwa kamba, na upande wa pili wa kamba ameuacha mikononi mwa shangazi: kamba ikitulia, ajue mtoto amekufa. Kamba hii inastahili kusimamiwa kidogo. Huko chini Mwindo anafanya maajabu, ndiyo. Lakini msikilizaji amepewa sehemu mbili za kukaa kwa wakati mmoja, moja kuzimu pamoja na kijana asiyeshindika, nyingine juu pamoja na mwanamke aliyeshika kamba na asiyeona kitu. Taharuki yote iko kwa yule wa juu. Hata kama sisi tunajua kwamba Mwindo atarudi, Iyangura hajui, na kutojua kwake kunatuuma.

Jambo la pili ni kwamba kila hatua ina bei. Kuzimu, Mwindo anakutana kwanza na Kahindo, binti ya Muisa, aliyejaa buba. Anamwosha vidonda. Binti naye anamweleza namna ya kuepuka mitego ya baba yake. Muisa hata hivyo anampa kazi zisizowezekana, na kwa mshipi wake wa kichawi anampiga mpaka uhai unamtoka, kabla usinga haujamwinua. Kwa Sheburungu inakuwa kamari: Mwindo anapoteza mali yake yote, anabakiwa na usinga tu, anauweka rehani nao, ndipo bahati inageuka. Kwa hiyo yule asiyeshindika tunamwona akipigwa, akifilisiwa, akiosha madonda ya mgonjwa. Fanani hakumpunguzia nguvu ili kutufurahisha. Alichofanya ni kumweka mahali ambapo nguvu si jibu la kutosha.

Jambo la tatu, ambalo kwetu ndilo kubwa, ni aina ya adui. Adui ni baba. Mwindo akimwua, ameshinda vita na kushindwa jambo lenyewe. Hivyo safari nzima ya kuzimu, pamoja na ukatili wake wote, ina lengo ambalo upanga hauwezi kulitimiza: kumrudisha baba akiwa hai, mbele ya watu, akiri. Naye anakiri. Mkutano unakaa, shangazi anasema, ufalme unagawanywa baina ya baba na mwana. Sehemu hii haina pigano hata moja na ndiyo kilele. Mtengenezaji wa filamu wa siku hizi, tunahofu, angeikata kwa kuona ni maneno matupu.

Si pwani wala bara tu palipo na maarifa haya. Fumo Liyongo, ambaye Muhamadi Kijumwa alitutungia utenzi wake mwaka 1913, naye hapenyeki kwa silaha, ila sindano ya shaba ikimchoma kitovuni. Kinachomwua si udhaifu wa kitovu. Kinachomwua ni kwamba anayemwuliza siri hiyo ni mwanawe, naye anatambua kwa nini anaulizwa, na anajibu. Msomaji wa utenzi huo amejua mwisho tangu utotoni, na bado anausoma. Tukiyaweka mawili haya pamoja tunaweza kusema, kwa uangalifu, kwamba taharuki haitokani na kutojua kitakachotokea. Inatokana na kuona ni nini kitapotea kwa vyovyote vile kitakavyotokea.

Tugeukie upande wa pili. Mwaka 1995 ilitoka filamu ya Kimarekani Congo, iliyoongozwa na Frank Marshall kutokana na riwaya ya Michael Crichton ya mwaka 1980. Kundi la wageni linaingia katika misitu ya Virunga kutafuta almasi ya kutumika katika mitambo ya mawasiliano, likiwa na sokwe aliyefundishwa kusema kwa ishara zinazogeuzwa sauti na mashine. Wanafika katika mji uliopotea uitwao Zinj, unaolindwa na sokwe wauaji, volkano inalipuka, waliobaki wanaondoka kwa puto. (Msomaji wa Kiswahili hawezi kukosa kutabasamu: jina ambalo wanajiografia wa Kiarabu waliwapa watu wa pwani yetu limepandishwa mpaka kwenye volkano za Kivu, kilomita zaidi ya 1,000 kutoka baharini.) Filamu hii haikukosa fedha, wala wanyama, wala moto. Kwa nini basi ni chapwa?

Jibu rahisi ni kusema kwamba inaidharau Afrika, na ni kweli, lakini jibu hilo halitoshi kwa mhakiki wa fasihi, kwa kuwa kazi inaweza kuwa na dharau na bado ikasisimua. Tatizo la kifani ni kwamba katika nchi yote ile inayopitiwa hakuna mtu anayetaka kitu. Kahega, kiongozi wa wapagazi, ana jina na ana ucheshi, lakini hatujui ana mke au deni au hofu gani, na wapagazi walio nyuma yake hata jina hawana. Wanapokufa hakuna kamba inayotulia mikononi mwa mtu. Msitu wenyewe hauna sheria: hatari hutoka popote wakati wowote, na hatari isiyo na sheria haiogopeshi, inashtua tu, na mshtuko wa tatu haushtui tena. Linganisha na kuzimu kwa Muisa, ambako Kahindo ametuambia mapema ni chakula kipi kisiliwe. Hapo tunaogopa kabla jambo halijatokea.

Tena, wakati filamu hiyo inaonyeshwa, nchi halisi iliyoko chini ya volkano hizo ilikuwa imejaa watu wanaotaka vitu na kuogopana. Machi 1993 watu waliuawa katika soko la Ntoto, Walikale, na vita vikaenea Masisi. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka kwa mamia ya maelfu. Hatudai kwamba filamu ya kubuni ilipaswa kuwa taarifa ya habari. Tunasema tu kwamba watunzi waliitazama nchi yenye baba na wana, ardhi na ng'ombe, viapo vilivyovunjwa na majirani waliogeukana, wakaona pango lenye almasi.

Mchezo wa video uitwao Far Cry 2, uliotolewa na Ubisoft mwaka 2008, unahitaji haki zaidi, kwa sababu ni kazi ya watu waliofikiri. Mkuu wa usanifu wake alikuwa Clint Hocking, ambaye mwaka 2007 alikuwa ameandika uhakiki wa mchezo BioShock akionyesha jinsi hadithi ya mchezo inavyoweza kusema jambo moja huku vitendo anavyolazimishwa mchezaji vikisema jambo jingine. Dhana hiyo ya mgongano baina ya simulizi na uchezaji imeenea tangu hapo. Katika Far Cry 2, mchezaji ni mamluki katika nchi ya Kiafrika isiyotajwa jina, yenye makundi mawili yanayopigana na mwuza silaha mmoja anayeyauzia yote mawili. Mamluki ana malaria. Bunduki zake hushika kutu na kukwama. Dawa huipata kwa raia wanaojificha, naye huwalipa kwa hati za kusafiria. Rafiki aliyemwokoa jana anaweza kufa leo mikononi mwake, asirudi. Hivi vyote ni chumvi, na ni chumvi ya kweli: mwili unaougua, chombo kinachogoma, urafiki wenye bei.

Lakini kuna vizuizi vya barabarani. Mchezaji huvamia kizuizi, huwaua walinzi wote, huendelea na safari. Akirudi baada ya muda, walinzi wako palepale kana kwamba hakuna lililotokea. Wachezaji wengi wamelilalamikia hili kwa kuwa linachosha vidole. Sisi tunadhani linachosha kwa sababu ya ndani zaidi, na ulinganisho na Mwindo unatusaidia kuiona. Katika karisi pia wafu hufufuka. Wajomba waliouawa wanafufuliwa kwa kuwa shangazi amedai hivyo. Watu wa Tubondo wanafufuliwa baadaye, kwa kuwa chifu asiye na watu si chifu. Kila ufufuo ni tendo, una mwombaji na una sababu, na baada yake uhusiano wa watu hauwi kama ulivyokuwa. Walinzi wa Far Cry 2 hawafufuliwi na mtu. Hawajawahi kufa, kwa maana kifo chao hakikuandikwa popote: hakuna kijiji kilichokisikia, hakuna mwenzao aliyekikumbuka, hata wao wenyewe hawamjui aliyewaua asubuhi. Hapo mgongano alioutaja Hocking unaibuka katika mchezo wake mwenyewe. Hadithi inasema kuua kuna uzito. Barabara inasema hakuna.

Kuhusu raia, mchezo una machache ya kusema. Tunaambiwa wapo, na mwisho wa hadithi unahusu kuvuka kwao mpaka, lakini katika nchi yenyewe hatuoni soko, shamba, shule wala msiba. Mtu aliyewahi kusafiri kutoka Sake kupanda Masisi atajiuliza vizuizi hivyo vinamtoza nani ushuru.

Mchezo mdogo sana, Phone Story, uliotengenezwa na kundi la Molleindustria la Kiitalia mwaka 2011, uko upande wa pili kabisa wa mizani. Unaonyesha safari ya simu tangu koltani inapochimbwa Kongo. Katika sehemu ya kwanza mchezaji hatakiwi kumwokoa mtoto mchimbaji. Anatakiwa kumwamrisha aendelee kuchimba, na akiona haya na kuacha, ameshindwa. Kampuni ya Apple iliuondoa katika duka lake muda mfupi baada ya kutolewa. Picha zake ni mbaya na unachezwa kwa dakika chache. Dakika hizo si chapwa, kwa sababu kidole na maana vimekaa mahali pamoja: anayeishika simu ndiye anayesimamia shimo. Ila hatuwezi kuusifu kupita hapo. Ukiuchezwa mara ya pili umekwisha, kama hotuba iliyosikiwa. Mtoto wa shimoni hana jina hapa pia, na hasira ya mtunzi, ingawa ni ya haki, haikumpa.

Hili la jina linaihusu pia filamu ya hali halisi Blood in the Mobile ya Mdenishi Frank Piasecki Poulsen, ya mwaka 2010. Mtengenezaji anakwenda Bisie, Walikale, kwenye machimbo ya mawe ya bati yaliyokuwa yakifikiwa kwa mwendo mrefu wa miguu msituni, na anarudi Ulaya kuiuliza kampuni ya Nokia madini yake yatoka wapi. Sehemu za ofisini zinachosha na nadhani zimekusudiwa kuchosha. Milango inayofungwa kwa adabu ni sehemu ya hoja. Sehemu za Bisie zina nguvu, hasa anaposhuka shimoni. Lakini msuko umemfanya msafiri kuwa shujaa: hofu ni yake, safari ni yake, swali ni lake. Mchimbaji ni mwenye kuonyeshwa. Filamu za aina hii zimekuwa nyingi tangu hapo, na uchapwa wao unatokana na kurudiwa kwa nafasi hizo mbili, anayetazama na anayetazamwa, hata watazamaji wa Goma wanaweza kukisia picha itakayofuata. Bisie yenyewe imebadilika. Kampuni ya Alphamin ilianza kuzalisha bati huko kwa mitambo mwaka 2019. Filamu ya mchimbaji mdogo aliyepaacha mahali hapo, alichokwenda kufanya na alichokiacha, hatujaiona.

Kinyume chake tunaweza kuitaja The Mercy of the Jungle ya Joël Karekezi, Mnyarwanda, iliyotoka mwaka 2018 na kupata tuzo kuu ya FESPACO, Ouagadougou, mwaka 2019. Inasimulia wanajeshi wawili wa Rwanda walioachwa nyuma na kikosi chao katika misitu ya Kivu mwaka 1998. Ilipigwa Uganda, na mazungumzo yake mahali pengine yanaeleza mno. Hata hivyo haichoshi, nasi tunadhani sababu ni ileile tuliyoikuta kwa Rureke. Adui si rahisi kumtambua. Sare ya jeshi, ambayo katika filamu nyingine ni nguo tu, hapa ni hatari kwa anayeivaa. Sajini mzee na kijana asiye na uzoefu wanakaa kama baba na mwana ambao hakuna aliyewachagua. Maji yana bei. Msitu una sheria.

Kuna jambo jingine ambalo wahakiki wa filamu hulisahau, nalo ni fanani. Katika vibanda vya video vya Uganda na Tanzania, na kwingineko katika Maziwa Makuu, filamu ya kigeni hutazamwa pamoja na msimulizi anayeifasiri, anayeifupisha, anayewatania wahusika na kuwaita kwa majina ya mtaani. Nchini Tanzania Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliifanya kazi hii kuwa sanaa. Matthias Krings wa Chuo Kikuu cha Mainz aliiandikia makala ambayo kichwa chake kinazungumzia kugeuza wali kuwa pilau. Filamu ya Nabwana tuliyoitaja mwanzoni ina sauti ya msimulizi wa namna hiyo, na uhai wake mwingi umo humo. Wasomi hupenda kuiona kazi hii kama tafsiri ya wasiojua Kiingereza. Tukimkumbuka Rureke, ambaye katikati ya karisi alijitaja mwenyewe, akawasemesha wasikilizaji na hata waliokuwa wakimwandika, tunaona ni kitu kingine. Msimulizi wa kibandani anairudisha hadithi mahali ilipokosa kuwa, yaani baina ya watu. Anampa mpagazi jina. Filamu chapwa huponea hapo mara nyingi, na filamu nzuri wakati mwingine huharibika, kwa kuwa msimulizi hawezi kunyamaza.

Tunasema haya wakati ambapo wapo vijana wa Goma, Bukavu na Kisangani wenye uwezo wa kutengeneza filamu na michezo yao wenyewe. Kituo cha Yole!Africa, kilichoanzishwa na Petna Ndaliko Katondolo, kimewafundisha wengi kazi ya kamera. Huko Cameroon kampuni ya Kiro'o Games ilitoa mchezo Aurion mwaka 2016, ikithibitisha kwamba hekaya za kwetu zaweza kuingia katika kompyuta bila kuomba ruhusa. Mwindo ataingia pia, leo au kesho. Wakati huohuo jamii zilizomlea zimetawanyika vibaya. Rubaya ilitekwa na M23 mwaka 2024, Masisi mjini Januari 2025, na Machi ya mwaka huo wapiganaji wakafika Walikale mjini kabla ya kuondoka. Watu wa Masisi waliokuwa kambini pembezoni mwa Goma waliona kambi hizo zikivunjwa Februari 2025. Biebuyck alikuta katika miaka ya 1950 kwamba mafanani wanaolijua simulizi zima walikuwa wachache. Inawezekana kabisa kwamba kijana wa Kinyanga atakutana na Mwindo kwa mara ya kwanza kwenye kioo cha simu. Ndiyo maana tunaona swali la uchapwa si la anasa.

Hofu yetu ni mahususi. Mtengenezaji atauchukua usinga, radi ya Nkuba, kuzimu kwa Muisa na joka Kirimu lenye vichwa saba, kwa kuwa vitu hivi vinafaa kwa mchezo kana kwamba vilitungwa kwa ajili yake. (Kirimu, kwa njia, ni ndugu wa zimwi letu, kwa jina na kwa tabia.) Joka litawekwa mwisho, alama zitahesabiwa, mchezaji atapongezwa. Lakini katika karisi joka haliko mwisho. Mwindo anamwua Kirimu kwa sababu nzuri kabisa, maana amewameza Wambuti waliotumwa kumwindia chifu wao, na nyama yake inaliwa. Kumbe Kirimu alikuwa amechanjiana damu na Nkuba. Nkuba, rafiki yuleyule aliyeiteketeza Tubondo kwa ajili ya Mwindo, anashuka na kumchukua. Mwaka mzima shujaa anakaa mbinguni akipigwa na Mvua, akichomwa na Jua, akikaripiwa na Mwezi kwa majivuno yake, hana la kufanya ila kuvumilia. Anakatazwa asiue tena mnyama yeyote, wa msituni wala wa kijijini. Anaporudishwa, yule aliyezaliwa akitembea anawawekea watu wake amri za kulima vyakula vya namna nyingi, kukaa pamoja kwa amani, na kutomcheka mgonjwa apitaye kijijini.

Huo mwaka wa mbinguni unachezwaje? Hili ni swali la ufundi na tunakiri kwamba lina ugumu wake, kwa kuwa mchezo wa video huishi kwa kitendo na hapa kitendo kimezuiwa. Njia moja ni ile rahisi: filamu fupi ya dakika mbili, mchezaji akiwa amekaa na kungoja, kisha amri za chifu zinapita kama maandishi ya mwisho ambayo hakuna anayeyasoma. Njia nyingine ni kumwachia mchezaji vitufe vyake vyote, vilevile alivyovitumia kuanzia Tubondo hadi kuzimu, na kumwacha agundue mwenyewe, mvua inaponyesha kwa mara ya saba, kwamba hakuna hata kimoja kinachoizuia.